Maharagwe, Redio na Mbwa Asiyekuwepo

Mhadhara wa wazi uliotolewa katika ukumbi wa kanisa, Kianda, Kibera

Vijana mliokataa viti mkasimama mlangoni ili mpate njia nikianza kuwachosha, nimewaona. Nimeombwa nizungumze juu ya vichekesho vya redio, hasa vile vya nyumbani: baba, mama, watoto na vurugu zao. Nitaanzia Marekani, lakini sitakaa huko sana. Nauli ni ghali.

Tarehe 2 Julai 1939, redio ya NBC ilianza kurusha kipindi cha familia ya kubuni, familia ya Aldrich, iliyokaa katika mji wa kubuni ulioitwa Centerville. Baba ni wakili, mama yuko nyumbani, kuna binti mkubwa, halafu kuna Henry. Henry ndiye chanzo cha yote. Kila wiki kipindi kilifunguliwa kwa namna ile ile: mama anamwita mwanawe, analivuta jina lake mpaka linarefuka kama uzi wa tiara, naye kijana anaitika kwamba anakuja, kwa sauti ya mvulana anayebalehe, ile inayoanzia chini kwenye besi ikakatikia juu kama mlango uliokosa mafuta. Hapo hujaelezwa lolote, lakini tayari unajua mama yuko chini na kijana yuko juu, unajua kuna jambo limeharibika, na unajua kijana ndiye wa mwisho kulijua.

Aliyembuni Henry aliitwa Clifford Goldsmith, na riziki yake ya awali ilikuwa kama kazi yangu ya leo: mihadhara. Alizunguka shule za sekondari akiwahubiria wanafunzi lishe bora. Nadhani huko ndiko sikio lake lilikozoea jinsi kijana anavyojitetea akibanwa. Akaandika tamthilia, What a Life, iliyofunguliwa Broadway mjini New York mwezi wa Aprili 1938 na kuchezwa zaidi ya mara 500. Aliyeigiza Henry, Ezra Stone, alikuwa na miaka 20, mtu mzima anayelipwa kuvunja sauti. Mchezo ulipohamia redioni, mdhamini alikuwa Jell-O, kile kitindamlo cha rangirangi ambacho kwa maoni yangu ni sukari iliyofundishwa kutetemeka. Mhubiri wa lishe akaishia kuuza sukari. Goldsmith angeweza kuandika kipindi kizima juu ya hilo, na Henry asingehitajika.

Kipindi kiliishi redioni hadi 1953. Stone alipoitwa jeshini mwaka 1942, vijana wengine wakashika nafasi yake, na vita vilipokwisha akarudi kuwa mvulana wa miaka kumi na sita ilhali yeye mwenyewe anakaribia thelathini. Redio inaruhusu hayo. Redio haioni ndevu.

Sasa, Henry alikuwa anachekesha kwa nini? Hakuwa mwizi, hakuwa mlevi, hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa kijana anayetaka kitu kidogo, labda suti ya kwendea dansi au ruhusa ya kutoka jioni, na ili akipate akasema neno moja lililopinda kidogo. Neno lile likamfikia mtu wa pili kwa simu, naye akalisikia vibaya. Wa tatu akalisaidia kwa nia njema kabisa. Baada ya dakika ishirini, baba mtu anadaiwa kitu ambacho hajawahi kukiona, mama ana wageni ambao hakuwaalika, na Henry amesimama katikati akieleza, na kila akieleza, shimo linazidi kwenda chini. Huo ndio ufundi wenyewe. Hakuna mtu mbaya katika hadithi. Ni maneno tu yanayotembea kwa kasi kuliko watu.

Nilipokisikia kipindi hicho kwa mara ya kwanza, nikiwa mtu mzima, katika rekodi za zamani, nilicheka, kisha nikajiuliza swali lililonileta hapa leo: Henry wetu yuko wapi?

Tumecheka sana katika nchi hii, hakuna asiyejua. Tulicheka na Mzee Ojwang' katika Vitimbi na Vioja Mahakamani, yule Benson Wanjau aliyefariki tarehe 12 Julai 2015, Mkikuyu aliyekigeuza Kiswahili cha Mjaluo kuwa mali ya taifa zima bila Mjaluo kununa. Tulicheka na mwenzake, Mama Kayai. Ng'ambo ya mpaka, Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na Pwagu na Pwaguzi, na jina lenyewe linakupa habari yote kama unaijua methali: pwagu hupata pwaguzi, mjanja naye ana wake. Baadaye tukapewa Papa Shirandula na Inspekta Mwala. Lakini watazameni wote hao. Ni watu wazima. Baba ndiye anayeanguka, baba ndiye anayedanganya, baba ndiye anayekamatwa. Kijana, akiwemo, anatumwa soda.

Mwenzangu mmoja aliniambia ni kwa sababu ya adabu: mtoto hachezewi mbele za watu. Mimi naona sababu ni ya zamani kuliko redio. Katika ngano zetu, mdogo ni Sungura, na Sungura ni mwerevu. Anayechekwa ni Fisi, mkubwa, mwenye tamaa, aliyefuata njia mbili mpaka akapasuka msamba. Ojwang' ni Fisi mwenye kofia. Tulizoea kumcheka mwenye nguvu kwa kuwa yeye ndiye aliyetulaza njaa. Mtoto mjinga hana nafasi katika hadithi hizo. Yupo Juha, lakini Juha ni mjinga wa maisha, hana umri.

Halafu kuna sababu ya pili, na hii nina ugomvi nayo.

Kijana alipopewa nafasi redioni, alipewa pamoja na mwalimu. Mnakumbuka Je, Huu ni Ungwana? Leonard Mambo Mbotela alikianzisha mwaka 1966 katika Sauti ya Kenya, na alipofariki tarehe 7 Februari 2025 bado watu walikuwa wakiliigiza lile swali lake kwa sauti yake. Kilikuwa kipindi kizuri, nakitetea popote. Kilikuwa na visa vya nyumbani na vya mtaani, visa vya kuchekesha kabisa: mgeni anayebisha hodi saa ya chakula kila siku, mtu anayeongea kwa kelele penye wagonjwa. Ila kicheko kikishatoka, swali linafuata. Ukishacheka, unajiangalia.

Mwaka 1987 kikaja Ushikwapo Shikamana. Kilifuata mbinu za Miguel Sabido wa Mexico, za kuingiza mafunzo ya uzazi wa mpango ndani ya hadithi ya familia. Tanzania wakaanza Twende na Wakati mwaka 1993, na dereva wao wa lori, Mkwaju, ambaye kila mke wa dereva alidai anamjua. Wataalamu walikichukulia kipindi hicho kwa uzito mkubwa hata Dodoma ikanyimwa kwa miaka miwili ya mwanzo, ili walinganishe waliosikia na wasiosikia. Mji mzima ukakosa kumjua Mkwaju kwa ajili ya hesabu! Mwaka 2010 hapa Nairobi wakaja Shujaaz, kwa kitabu cha katuni cha bure na kwa redio, kwa Sheng, na hapo ndipo tulipomkaribia Henry kuliko wakati wowote. DJ Boyie ni kijana aliyemaliza shule, hana kazi, anaendesha redio ya siri kutoka chumbani kwake. Chumba, kijana, siri, wazazi: vyote vipo. Moyo wangu ulidunda. Lakini Boyie naye ana kazi ya kufanya. Anatangaza, na katika matangazo yake kuna jinsi ya kupaka vifaranga rangi ili mwewe wasiwanyakue. Ni ushauri wa maana, nami najua watu walioutumia. Ila mnaona shida yangu? Hata alipopata redio yake mwenyewe, kijana wetu hakuruhusiwa kupoteza muda.

Henry alikuwa akipoteza muda kila wiki kwa miaka kumi na minne. Hakufundisha chochote.

Naomba sasa niwasimulie juu ya maharagwe.

Mwaka huo huo wa 1987 nilikuwa na miaka 14. Tulikaa hapa hapa Kianda, katika ploti ya vyumba vinane vya udongo na mabati, chumba cha kumi kwa kumi, watu sita, pazia moja. Redio tulikuwa nayo ila betri zilikuwa zimekufa. Wenye umri wangu wanajua dawa yake: unazianika juu ya bati, zikipata joto zinafufuka nusu saa, kisha zinakufa kifo cha pili kisicho na ufufuo. Siku hiyo kulikuwa na mawingu. Redio ya jirani ilikuwa hai, na Ushikwapo Shikamana kilikuwa kinaanza.

Mama alikuwa amekwenda kupanga foleni ya maji. Aliniachia sufuria ya maharagwe kwenye jiko la makaa na agizo moja tu: ukiona maji yamepungua, ongeza. Nikasema sawa, nikabandika sikio ukutani.

Maharagwe ni chakula cha hila. Maziwa yakitaka kumwagika unayaona yakipanda. Maharagwe yananyamaza, yananyamaza, halafu harufu inakuja yote kwa mkupuo, na katika ploti ya vyumba vinane harufu haina mwenyewe, ni ya wote. Nilipofunua sufuria, chini kulikuwa na lami. Nikakwangua, nikafunga ule uchafu kwa gazeti, nikachomoka mbio kuelekea mtaroni. Njiani nikakutana na mama mmoja wa chama cha mama yangu.

"Kijana, hiyo umebeba ni nini?"

"Chakula cha mbwa, mama."

Sisi hatukuwa na mbwa. Sijui neno lile lilitoka wapi. Lilitoka tu, kama linavyotoka kwa kila kijana aliyewahi kuulizwa swali akiwa na gazeti la moto mkononi.

Yule mama akamkuta mama yangu bombani. "Kumbe siku hizi mnafuga mbwa!" Mama hakutaka aonekane hajui mambo ya nyumbani kwake, akajibu upesi, "Ni wa huyu kijana." Watu watatu nyuma yao kwenye foleni alikuwa amesimama mke wa mwenye ploti.

Jioni mwenye ploti akaja na tochi. Akamulika chini ya kitanda, akamulika nyuma ya pazia, akamulika ndani ya beseni. "Mbwa yuko wapi?" Mama akanitazama. Baba akamtazama mama. Nikaona niwaokoe wote. Nikasema, "Ametoroka."

"Ametoroka lini?"

"Leo."

"Kwa hiyo alikuwepo!"

Akaanza kuhesabu. Kodi ya chumba ilikuwa ya watu, hapakuwa na mapatano ya mnyama, na mbwa amekaa hapo mwezi mzima. Nikasema hapana, siku mbili tu. Mbwa wangu akawa na siku mbili za maisha na deni. Baba, ambaye alikuwa ametoka kazini kwa miguu kutoka Industrial Area na hajapata hata maji ya kunawa, aliuliza kwa upole mno, upole unaotisha, "Na jina lake nani?"

Nilikuwa nafikiria jina. Ninaapa mbele yenu, nilikuwa nafikiria jina, mlango ulipofunguliwa akaingia mzee wa mlango wa tatu ameshika sahani mbili zilizofunikana. Akaziweka mezani. Akasema, "Bwana mwenye ploti, huyo mbwa ni maharagwe. Ploti nzima tumemnusa tangu saa kumi."

Mwenye ploti alicheka mpaka akakalia mtungi wa maji. Tulikula ugali na omena za mlango wa tatu. Mimi nilichota maji ya ploti nzima kwa mwezi mmoja, na mama yangu, kwa miaka zaidi ya thelathini, kila nilipompigia simu, baada ya salamu za nyumbani aliuliza, "Na mbwa hajambo?"

Nimewasimulia hayo kirefu kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo sikuliona mpaka nilipomsikia Henry.

Makosa ya Henry hayakuwa na bei. Akiunguza chakula, kabati limejaa. Akivunja dirisha, baba ni wakili. Nyumba yao ina ngazi, ina ghorofa ya chini, ina simu ukutani, na wiki ijayo vyote vitakuwa mahali pake na mama ataita tena. Kicheko cha namna ile kina godoro chini yake. Unaanguka ukijua hutaumia. Na hapo ndipo penye jibu la swali langu, kwa nini waandishi wetu waliogopa kumwachia kijana akosee. Kianda kosa la kijana lina bei. Sufuria moja ya maharagwe ni chakula cha watu sita. Jiko likipinduka katika mstari wa vyumba vya mbao na mabati, wenye mkasa huo wako humu ukumbini, sihitaji kuwaambia kinachofuata. Kijana wa huku akidanganya mahali pabaya, mbele ya mtu mbaya mwenye bunduki, hakuna wiki ijayo. Mwandishi mwenye huruma anaona afadhali amfundishe.

Ninaielewa hofu hiyo, lakini naona wamesahau mlango wa tatu.

Godoro letu halikuwa kwenye kabati, kwa kuwa kabati halikuwepo. Lilikuwa kwa jirani aliyenusa, akajua, akanyamaza, akapika ugali mkubwa kuliko kawaida, akasubiri wakati wa kuingia. Yule mzee angeweza kuja mapema. Nilikuja kumuuliza baadaye, akaniambia alikuwa amebandika sikio ukutani muda wote, alitaka kusikia mbwa ataitwa nani. Yaani alikuwa anasikiliza mchezo! Ukuta uleule nilioutumia mimi kusikiliza redio yake, yeye aliutumia kusikiliza yetu. Nyumba ya Henry ilihitaji mtambo wa NBC ili isikike kwa watu. Ploti ya Kianda inajirusha yenyewe.

Na msidhani wenzetu kule walisamehewa kila kitu kwa sababu walikuwa na ngazi. Mwaka 1950, kipindi kilipokuwa tayari kimehamia televisheni pia, mwigizaji Jean Muir aliteuliwa kuwa mama wa Henry. Jina lake lilikuwa limechapwa katika kijitabu kilichoorodhesha wasanii waliodhaniwa wafuasi wa ukomunisti, Red Channels. Simu kadhaa za malalamiko zikapigwa, mdhamini akaingiwa na baridi, na mama yule akaondolewa kabla hajamwita mwanawe hata mara moja. Alikana, haikusaidia. Kipindi ambacho kila wiki kilisema neno lisilo la kweli likisambaa lisichukuliwe kwa uzito, kikamwacha mtu apoteze kazi kwa neno lililosambaa. Tangu nilijue hilo, nikisikia mama anaita katika zile rekodi, nasikia pia yule ambaye hakuachwa aite.

Narudi Kibera, na hapa nitakwenda haraka kwa sababu mnaijua kuliko mimi.

Sisi hatukosi kusikika. Kamera zimetembea njia hizi kuliko malori ya taka. The Constant Gardener ilipigwa hapa, ikatoka mwaka 2005, na Rachel Weisz akapata Oscar kwa nafasi yake. Tukatajwa kote duniani kuwa mtaa wa watu milioni moja, mpaka sensa ya 2009 ikahesabu watu 170,070 na wengine wakakasirika kama wametapeliwa. Tunatangazwa moto ukiwaka, nyumba zikibomolewa, uchaguzi ukikaribia. Sijasikia tukitangazwa kwa sababu mtu ameunguza maharagwe.

Siku hizi visa vya nyumbani vinatangazwa asubuhi. Radio Jambo wana Patanisho, Gidi na Ghost wanampigia mke au mume aliyenuna, na nchi nzima inasikiliza ikinywa chai. Nami husikiliza, siwezi kuwadanganya. Ndoa kadhaa zimepona pale, inawezekana. Lakini anayechekwa pale ni mtu halisi, mwenye jina na mtaa, na kesho yake atapanda matatu na hao hao waliomcheka. Mbwa wangu hakumuumiza mtu kwa sababu hakuwepo. Kubuni ni heshima kwa jirani, nadhani hatulisemi hilo vya kutosha.

Na vyombo tunavyo. Pamoja FM imekuwa hapa Kibera tangu 2007, na wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi wa mwaka huo, sauti za vijana wake zilikuwa kati ya chache zilizowaambia watu watulie kwa lugha waliyoielewa. Kawangware wana Mtaani Radio. Korogocho, Koch FM ilikuwa imetangulia mwaka 2006. Hizi ni redio ambazo mtangazaji akikosea, mama mboga anamkosoa akienda kununua sukuma. Kama kuna mahali Henry wetu anaweza kuzaliwa, ni hapo, kwa kinasa sauti cha simu na blanketi iliyotundikwa ukutani kuzuia mwangwi.

Kwa hiyo mlioko mlangoni, naona hamjaondoka, sikieni jinsi ya kuanza.

Msitafute kisa kikubwa. Chukueni lugha peke yake. Mama anaongea Kiswahili chake chenye Kiluhya ndani, au Kikamba, au Kinubi kama ni wa Makina. Kijana anaongea Sheng. Kijana anampigia mama simu ya haraka, salio linakatika: "Mathee, leo nakam na mbogi." Anamaanisha anakuja na rafiki zake. Mama anasikia anakuja na mboga. Basi hanunui sukuma, anasonga ugali, anakaa kusubiri. Saa moja jioni wanabisha hodi vijana sita wenye njaa, mikono mitupu. Hicho ni kipindi cha kwanza na hamjalipa mtu. Kipindi cha pili kinaanza mama anapotoka kwenda kukopa kwa jirani na kueleza kwa nini.

Sauti mnazo bure. Mtungi mtupu na mtungi uliojaa hailii kwa mlio mmoja, msikilizaji wa hapa atajua kama kijana anakwenda bombani au anatoka. Kuna bawaba ya mlango wa bati, kuna treni, kuna mwadhini na kwaya kwa wakati mmoja. Ila mvua ikinyesha kwenye mabati, simamisheni hadithi. Hakuna atakayesikia. Nimewahi kukosa mwisho wa mchezo mzuri kwa sababu ya mvua, na mpaka leo sijui kama yule bibi harusi alirudi.

Kijana wenu asiwe mwerevu sana. Wala asifundishe. Akitaka kusema kwenye dakika ya mwisho kwamba amejifunza kitu, mnyang'anyeni kipaza sauti. Mwacheni akosee leo, na wiki ijayo mama amwite tena, naye aitike kwamba anakuja, akiwa na kosa jingine mfukoni. Wasichana pia: sijasema lazima awe mvulana, na dada zangu wameunguza zaidi yangu.

Na mpeni jirani. Bila mlango wa tatu hamna mchezo.

Nimemaliza. Maswali tutayapokea, lakini kwanza kuna kazi. Mama yeyote humu anayeweza kuita mtoto kutoka bombani mpaka sauti ifike mtaa wa Olympic, naomba abaki. Tunarekodi leo, kabla ya mvua.